Mabanzi ya Kilolo: Maji ya Moto Yasiunguze Mtaji

Wanunuzi wa mbao wanaopanda Kilolo hupatana bei ya ubao tu. Maranda na mabanzi yanayobaki kwenye mashine za dingdong hayana bei ya maana, na mengi huachwa yaoze au huchomwa moto. Si ajabu basi kwamba wazo la kuyapika kwa maji ya moto ili kupata sukari, spiriti na kemikali linawavutia wenye mitaji midogo. Wazo ni zuri, lakini hesabu zake zitazamwe kwanza.

Njia hii haihitaji kununua dawa za viwandani. Maji hupashwa kwa mgandamizo hadi kati ya nyuzi 160 na 230 za Sentigredi. Hemiselulosi ya mti huyeyuka, na selulosi hubaki wazi kwa vimeng'enya vinavyoigeuza kuwa sukari. Moto au muda ukizidi, sukari huharibika na kuwa furfurali, ambayo huidhoofisha hamira.

Tatizo la kwanza ni mti wenyewe. Milingoti na miwati hulainika kwa njia hii kuliko mipaini, na mipaini ndiyo iliyopandwa kwa wingi katika mashamba ya Nyanda za Juu Kusini.

La pili ni kuni. Kupasha tani 10 za maji kwa kila tani ya mti mkavu, kutoka nyuzi 20 hadi 180, hula zaidi ya theluthi moja ya joto ambalo tani hiyo ingetoa ikichomwa. Maji yakiwa tani 4, mzigo huo hushuka hadi asilimia 15 hivi, na joto la maji yanayotoka likirudishwa hushuka zaidi. Faida itatoka hapo, wala si kwenye ukubwa wa mtambo.

Jirani yupo wa kuigwa. Tanwat ya Njombe, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilijenga biashara kwa kukamua tanini ya viwanda vya ngozi kutoka magamba ya miwati kwa maji ya moto. Mwaka 1995 ikawa na mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaotumia mabaki ya miti, na kuiuzia TANESCO. Ilianza na bidhaa yenye mnunuzi. Mabaki yakaenda tanuruni.

Mwekezaji anayeombwa kuchangia aulize mambo matatu: mti gani, maji kiasi gani kwa tani, na nani ametia sahihi kununua. Asipojibiwa, shilingi yake ibaki kwenye ubao.