KIMYA SI UHAINI

UHAINI ni nini? Ni kuiuza nchi kwa adui, au ni kukataa kumwambia mtawala lile analotaka kulisikia? Kule Uingereza, mwaka 1535, swali hili lilijibiwa kwa shoka.

Mfalme Henry wa Nane alitaka kumwacha mkewe, Catherine, amwoe Anne Boleyn. Papa alipokataa kuitangua ndoa, Mfalme akajifanya mkuu wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1534 Bunge likapitisha sheria kwamba anayemvua Mfalme cheo chake kwa nia mbaya, hata kwa maneno matupu, ni mhaini.

Thomas More, aliyekuwa mkuu wa sheria wa Mfalme hadi alipojiuzulu mwaka 1532, hakushika silaha wala hakuchochea mtu. Alikataa kula kiapo, basi, akanyamaza. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Akatupwa katika Mnara wa London kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Julai 1, 1535, akafikishwa mahakamani. Miongoni mwa waliokaa kumhukumu walikuwamo baba, ndugu na mjomba wa Anne Boleyn! More alijitetea kwamba hakuna sheria inayomwadhibu mtu kwa kunyamaza. Ndipo Richard Rich, mwanasheria wa serikali, alipoapa kwamba More alimtamkia maneno ya uhaini gerezani. More akasema huo ni uongo mtupu. Hakusikilizwa. Julai 6 akakatwa kichwa. Rich, baadaye, alikikalia kiti kile kile cha More.

Tusimfanye More malaika. Alipokuwa madarakani, naye aliunga mkono kuchomwa moto kwa walioipinga imani yake. Mkuki kwa nguruwe!

Na mchimba kisima huingia mwenyewe. Thomas Cromwell, waziri aliyeisukuma sheria ile, alikatwa kichwa mwaka 1540 kwa uhaini na uzushi, bila hata kufikishwa mahakamani kujitetea.

Sisi tunasema: serikali ina haki ya kudai kodi, amani na utii wa sheria. Haina haki ya kupekua moyo wa raia. Sheria ya uhaini ikishageuzwa ngao ya mtawala dhidi ya mawazo ya watu, hakuna aliye salama, hata yule aliyeitunga.