Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Si Wasichana wa Vivaldi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini mjini Venice, nchini Italia, katika karne ya 18, walikuwako wanawake waliocheza kwao umri wao wote, wakasifiwa na wageni wa kila taifa, wasitunzwe hata kwa kutajwa. Nao ndio walioutia uhai muziki wa Antonio Vivaldi.

Vivaldi alizaliwa mjini humo tarehe 4 Machi 1678. Babaye alikuwa kinyozi kabla ya kushika fidla, na mwana akafuata nyayo. Mwaka 1703 alipewa upadri, lakini haukupita muda mrefu akaacha kuongoza misa, akidai maradhi ya kifua. Kwa rangi ya nywele zake watu walimwita Padri Mwekundu. Mwaka huo huo aliajiriwa kufundisha fidla katika nyumba iitwayo Pietà.

Pietà haikuwa chuo cha muziki. Ilikuwa nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, iliyoanzishwa mwaka 1346. Wavulana walifundishwa kazi za mikono, kisha wakenda zao. Wasichana walibaki, na wenye vipawa walifunzwa kuimba na kupiga ala za kila namna. Jina la baba hawakuwa nalo. Waliitwa kwa jina moja na ala yake, mathalan Anna Maria wa Fidla. Walipiga wakiwa juu katika roshani, nyuma ya wavu wa chuma, wasikilizaji wasiwaone sura. Watu walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwasikiliza, na fedha zilizotokana na sifa hiyo zikaisaidia nyumba.

Hapa ndipo nilipo na neno. Tunaambiwa kwamba Vivaldi alitunga tungo karibu 500 za ala. Ni kweli, na kipawa chake hakuna akikanaye. Lakini fundi hushona kanzu kwa kipimo cha atakayeivaa. Anna Maria peke yake alitungiwa tungo zaidi ya 20, tena ngumu. Je, Vivaldi angethubutu kuziandika lau hakuwapo mkono wa kuzipiga? Mwaka 1723 wasimamizi wa Pietà walikubaliana naye awape tungo mbili kila mwezi, hata akiwa safarini. Mwalimu anapokuwa safarini, nani huongoza mazoezi? Ni wanawake wenyewe, wakubwa wakiwafunza wadogo.

Tazama pia Juditha Triumphans ya mwaka 1716, kisa kirefu cha kuimbwa. Msomaji Mwislamu huenda asikifurahie, kwani kilitungwa kuipa moyo Venice ilipokuwa vitani na Waturuki. Hata hivyo, zingatia waimbaji wake. Sauti zote zilikuwa za wasichana hao, hata za wanaume wa vita. Jemadari Holofernes aliimbwa na Apollonia, na Juditha akaimbwa na Caterina. Majina hayo yameandikwa na yapo.

Atatokea msemaji aniambie kwamba walilishwa, wakavishwa, wakafunzwa, basi wanadai nini zaidi? Nami nitamjibu kwamba kumlea mtoto asiye na mlezi ni jambo la thawabu, wala siwavunjii heshima waliolifanya. Lakini kulea si kumiliki. Tonge la chakula haliondoi haki ya mtu juu ya kazi ya mikono yake.

Vivaldi mwenyewe aliionja dhuluma ya kusahauliwa. Mtindo wake ulipochujuka nyumbani alihamia Vienna, akafa huko fukara tarehe 28 Julai 1741. Kwa karibu miaka 200 kazi zake nyingi hazikusikika. Ndipo mwaka 1926 shehena ya hati zake ilipomfikia Profesa Alberto Gentili wa Turin. Serikali haikuwa na fedha za kuzinunua. Tajiri mmoja, Roberto Foà, alizilipia kwa kumbukumbu ya mwanawe mchanga aliyefariki. Sehemu iliyobaki ilinunuliwa mwaka 1930 na Filippo Giordano, naye pia akiwa amefiwa na mwana. Mkusanyiko wa hati hizo una majina ya watoto hao wawili hadi leo.

Basi Vivaldi amelipwa deni lake, na limelipwa na mababa waliopoteza watoto. Wale watoto waliopotezwa na mababa bado wanadai.

Kwetu pwani fidla si ngeni. Imo katika taarabu tangu zama za wazee wetu. Tunajua kwamba mwimbaji hang'ari bila wapigaji walioketi nyuma yake. Kwa hiyo dai langu ni dogo. Wachapao santuri na vitabu vya Vivaldi, kila panapojulikana jina la msichana aliyetungiwa au aliyeimba, waliandike chini ya jina la mwalimu wake. Ule wavu wa roshani uliwaficha sura zao. Majina yao hayana sababu ya kubaki nyuma yake.