Skrini Kazini: Tangazo kwa Lugha ya Nani?

Ubao wa matangazo uliozoeleka kando ya lango la kazini, wenye karatasi zilizobanwa kwa pini hata zikafifia, unazidi kupisha skrini. Tangazo huandikwa ofisini na papo hapo likaonekana katika kila ukumbi: zamu zilizobadilika, tahadhari ya usalama, siku ya mshahara. Faida hiyo haina ubishi. Lenye ubishi ni lugha ya skrini hizo, na suala hilo halifai kuachiwa mafundi wa mitambo peke yao.

Mkaazi wa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, huzipata habari za kazi kwa Kiswahili. Akiwa barazani husikia kama makasha yamezidi au yamepungua Kilindini, na akitilia shaka huuliza, akajibiwa. Akishaingia kazini, aghalabu habari iyo hiyo humkabili kwa Kiingereza.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba wake amefafanuliwa kwa lugha aielewayo. Yataka pia taarifa ya haki za wafanyakazi iwekwe mahali pa wazi wanapofika wote. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi sawia na Kiingereza. Je, taarifa ipitayo kwa sekunde chache, kwa lugha isiyoeleweka, kisha ikaipisha nembo ya kampuni, imewekwa wazi kweli?

Watakaodai kwamba lugha mbili ni gharama wakumbuke kuwa skrini, kinyume cha karatasi, haina uhaba wa nafasi wala haidai wino. Gharama iliyopo ni ya mfasiri, na ndiyo maana hukimbiliwa programu za tafsiri. Lakini programu isiyoijua bandari yaweza kuiita zamu "mabadiliko". Katika onyo la winchi, kosa la aina hiyo si la kuchekwa.

Hata hivyo, Kiswahili sanifu pekee hakitoshi iwapo tangazo halina wa kulijibia. Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma kwa siku 12, nao wakawa wakikutana katika Kiwanja cha Maskini. Pale mwenye kusema alionekana, na msikilizaji aliweza kumrudishia neno. Skrini husema tu. Kwa hiyo kila tangazo lionyeshe afisa au mwakilishi wa chama anayepaswa kuulizwa, tena kwa Kiswahili.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vyaweza kuanza na orodha ya istilahi za bandarini, hotelini na hospitalini, iliyokusanywa kwa wafanyakazi wenyewe. Makuli na wapishi wana maneno mengi yasiyomo kamusini.