Binti Aliyeposwa na Shule

Ni wachache miongoni mwetu sisi watu wa pwani waliofika Kajiado, lakini magadi twayajua sote. Kwa muda wa miaka 100 na zaidi yamekuwa yakichotwa katika Ziwa Magadi, yakipakiwa katika gari la moshi, yakipita mji wa Kajiado na kuteremshwa mpaka bandari ya Mombasa. Leo twataka tuipande njia hiyo hiyo kutoka pwani kwenda bara, tukatazame mali nyingine ya huko, nayo ni subira.

Wengi wa wenyeji wa Kajiado siku hizi ni Wakristo. Wao wana dini yao nasi tuna yetu, na hapa hatukusudii kuzichanganya. Lakini jirani akitenda jema, uungwana ni kulitaja, na busara ni kujifunza kwalo.

Habari yenyewe ilianzia hapa kwetu. Mwaka 1895 kijana mmoja, Peter Cameron Scott, alishuka Mombasa na wenzake wachache kuanzisha misheni ya Africa Inland katika nchi ya Ukambani. Haukupita mwaka mmoja na miezi michache naye akafa kwa homa, Desemba 1896. Wenzake nao, wengine walikufa, wengine wakarudi makwao. Aliyewatazama siku zile angesema kwamba shughuli hiyo imekwisha. Haikuisha. Kazi waliyoiacha ikapokewa na wengine, na mwaka 1959 kanisa lililotokana na misheni hiyo likafungua mjini Kajiado shule ya bweni ya wasichana wa Kimasai, wakati ambapo wazazi wengi hawakuona sababu ya kumsomesha mtoto wa kike.

Katika miaka ya 1980, mwalimu mmoja wa shule hiyo, Bi Priscilla Nangurai, mwenyewe Mmasai, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkuu, alianza kuwapokea na kuwahifadhi wasichana waliokimbia kuozwa wangali wadogo. Yafaa ikumbukwe kwamba Sheria ya Watoto, iliyokataza ndoa hizo waziwazi, haikupitishwa nchini Kenya mpaka mwaka 2001. Kwa hivyo miaka mingi alisimama bila ya ngome hiyo, akikabili hasira ya wazee wa kabila lake mwenyewe. Mwaka 1999 jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, iliichagua shule hiyo kuwa kituo cha mfano. Kati ya ufunguzi wa shule na heshima hiyo ilipita miaka 40.

Huenda msomaji akauliza, baba gani huyo amwozaye mtoto? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kwa mfugaji, ng'ombe ndiye akiba, ndiye chakula, ndiye heshima. Mwaka 2009 ukame uliangamiza mifugo ya Kajiado mpaka serikali ikalazimika kununua ng'ombe waliodhoofika, wapelekwe katika kiwanda cha nyama cha Athi River, jirani na Kitengela, na wengine hawakufika hai. Kuanzia mwaka 2020 mvua zikakosekana tena, msimu baada ya msimu, hata kufikia mitano. Boma likibaki tupu, mzee hutupa macho huku na huku, na mali aionayo imebaki ni mahari ya binti. Shida haimfanyi mtu kuwa mbaya, bali humfupishia macho, akaona ya leo tu.

Basi sikilizeni hekima iliyotumika huko Naning'oi, katika kaunti hiyo hiyo. Desturi ya Kimasai yaruhusu mtoto wa kike kuposwa angali mchanga. Mwaka 1999 ilifunguliwa shule ya bweni ya wasichana kwa msaada wa shirika la Christian Children's Fund, na walioiongoza hawakwenda kuwatukana wazee wala desturi yao. Walikwenda na zawadi kama waendavyo waposaji, wakamposa mtoto. Lakini hawakumposea mume, walimposea shule. Mzee aliyekwisha kupokea posa amefungwa na ahadi, na Mmasai havunji ahadi ya namna hiyo. Ada ile ile iliyokuwa ikimtoa mtoto shuleni ikawa ndiyo imwekayo.

Kitengela nako palikuwa na jambo la kufanana na hilo. Kuanzia mwaka 2000 wafugaji wenye ardhi iliyopakana na Mbuga ya Nairobi walilipwa dola 4 za Kimarekani kwa kila eka kwa mwaka ili wasizungushe ua na wanyama wapate kupita. Malipo yaligawanywa mara tatu, yakatolewa shule zinapofunguliwa. Familia zilizovumilia simba kuingia zizini usiku zikapata karo ya watoto.

Hapo ndipo lilipo funzo. Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba subira ni kukaa barazani na kusema Mungu atajaalia. Kujaalia atajaalia, lakini Nabii Yusuf, ambaye sisi na Wakristo sote twamjua, hakuikabili miaka saba ya njaa kwa kukunja mikono. Aliweka nafaka ghalani wakati wa neema. Wala anayefuata mafundisho ya Mtume hamwachi ngamia bila kamba akasema ametawakali.

Ukame huo wa 2020 na kuendelea haukuzipita Kilifi, Kwale wala Tana River. Huku kwetu pia wako mabinti wanaotolewa darasani mwaka wa shida, na wanaoozwa kabla ya wakati wao, na sisi hunyamaza kwa kuwa ni mambo ya nyumba ya mtu. Twasema si ya nyumba ya mtu. Kila mtaa una msikiti, kila msikiti una wazee, na zaka hutolewa kila mwaka. Kwa nini wazee hao wasiende kwa mzazi aliyeelemewa, kwa adabu ile ile ya waposaji, wamwambie: "Bwana, binti yako tumemposea shule, karo ni juu yetu mpaka amalize"?

Isingekuwa kuwaiga Wakristo. Ingekuwa kuirudia sunna yetu wenyewe, kwani kutafuta elimu ni faradhi juu ya Muislamu, mume na mke. Subira yavuta heri, walisema wahenga. Aliye barazani mikono mitupu atavuta kwa nini?