Tunguu Isijengwe Yote



Kila nikipita Tunguu naona bikoni mpya palipokuwa na mihogo. Nyumba tunazihitaji: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Lakini watoto wa huku watacheza wapi? Na sisi kina mama tutapumzika wapi jioni? Wa mjini wana Forodhani na Mnazi Mmoja.

Kwa sheria ya 1992, ardhi yetu ni ya umma. Kinachokosekana ni fungu. Baraza la Mji Kati litenge sehemu ya mapato yake kila mwaka, eneo moja la wazi lipimwe, lipandwe miti na litunzwe. Mwenye minazi na miembe yake hapo alipwe kwanza fidia ya vipando. Bustani iliyoanza kwa dhulma haina baraka.

Nasi twende kwenye mikutano ya shehia, tuseme. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mti ukiliwa na mtu, mnyama au ndege, ni sadaka kwa aliyeupanda. Tuwaachie wanetu pa kuupanda.