Dhamana Isiyoeleweka Ni Mtego

Hapa Kakamega, aghalabu mhudumu wa bodaboda anunuapo pikipiki mpya huipeleka kwa fundi wa kuchomelea ili iongezwe keria ya chuma na springi ngumu za kubebea mizigo. Ikiharibika kabla ya muda wa dhamana kwisha, muuzaji humwonyesha kifungu kimoja: chombo kimebadilishwa, basi dhamana imebatilika.

Sipingi muuzaji kujikinga, kwani mzigo uliozidi kiasi huumiza injini. Lakini keria haiwezi kulaumiwa kwa hitilafu ya taa. Adaiye kwamba badiliko ndilo lililoleta hasara yafaa alithibitishe.

Nikiwa mwanaisimu, nauliza pia: kifungu hicho kimeandikwa kwa lugha gani? Mara nyingi ni Kiingereza cha mawakili. Ilhali Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua, na Ibara ya 7 hukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Mahakamani, dhamana humfunga mshtakiwa. Dukani, yapasa imfunge muuzaji. Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi kusoma mikataba kabla ya kutia sahihi, nao wauzaji waiandike kwa Kiswahili.