Jina la nani kifuani pa padre?



Msimu wa upadrisho unapokaribia, familia na jumuiya huanza kuchanga fedha za mavazi ya padre mpya. Ni desturi njema, na tunawapongeza wanaoiendeleza. Lakini zipo familia ambazo, zikishachagua kitambaa na rangi, humwagiza fundi adarizi pia herufi za mwanzo za majina ya padre: mara kwenye ncha za stola, mara kifuani pa kasula, kwa uzi wa dhahabu. Tunasema mapema, kabla fundi hajalipwa: herufi hizo zisiwekwe hapo.

Hatusemi kwamba ni kosa kutia herufi kwenye nguo. Seminarini, nguo za vijana wengi huanikwa kwenye kamba moja, na asiyeweka alama atakuja kulitambua shati lake mgongoni mwa mwenzake. Herufi mbili zilizoshonwa ndani ya ukosi hurudisha nguo kwa mwenyewe, basi. Vivyo hivyo kwa mkoba au taulo.

Vazi la ibada ni jambo jingine. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Roma, namba 344, unataka uzuri wa vazi utafutwe katika kitambaa na mshono wake, na mapambo yawe alama zinazoonyesha matumizi matakatifu. Herufi za padre hazionyeshi hayo. Zinamwonyesha mwenye nguo.

Tena Kanisa halikosi herufi za kudarizi. IHS ni herufi tatu za kwanza za jina la Yesu kwa Kigiriki. Ile inayofanana na H yetu husomeka kama E. Mtakatifu Bernardino wa Siena, aliyefariki mwaka 1444, alihubiri akiwaonyesha watu kibao chenye herufi hizo, na baadaye Wajesuiti wakazifanya nembo yao. Zipo pia X na P zilizounganishwa, herufi mbili za kwanza za jina Kristo kwa Kigiriki. Ipo M ya Mama Maria, ambayo Mtakatifu Yohane Paulo II aliiweka chini ya msalaba katika nembo yake. Hakuweka K ya Karol wala W ya Wojtyła.

Lakini fundisho kubwa zaidi tunalipata katika Kutoka sura ya 28. Mungu aliagiza kwa makini mavazi ya Haruni, na mavazi hayo yalikuwa na majina. Mabegani yaliwekwa mawe mawili yaliyochorwa majina ya wana wa Israeli, sita kwa sita. Kifuani yaliwekwa mawe kumi na mawili, kila moja na jina la kabila lake. Kwenye paji la uso, bamba la dhahabu lilimtaja Bwana. Kuhani alivaa jina la Mungu na majina ya watu wake. Jina la Haruni halikuagizwa mahali popote. Aliingia patakatifu akiwa amewabeba wengine.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa jambo hili. Mwamini anayemtazama padre altareni anapaswa kumwona Kristo anayemtumikia. Na frateri anayeanza kupanga herufi zake zitakaa wapi, yafaa ajiulize moyoni: daraja hii naipokea kwa ajili ya nani?

Wapo watakaosema: mama aliyeuza mbuzi wake ili mwanae apate kasula ana haki ya kuona jina la mwanae. Furaha ya mama huyo tunaiheshimu, na Kanisa limekwisha kuitafutia nafasi. Zipo kalisi nyingi zilizochorwa chini ya kitako jina la padre au la waliomzawadia. Waamini hawalioni, lakini anayeishika anajua wa kumwombea. Kasula nayo ina upande wa ndani. Jina la padre, la wazazi, tarehe ya upadrisho, vyote vishonwe huko.

Kuna na sababu ya kawaida kabisa. Padre huhamishwa, na padre hufariki. Kasula yenye herufi za mtu kifuani ni vigumu kuvaliwa na mwingine bila waamini kuuliza ni ya nani; yenye msalaba au IHS itatumika hata miaka thelathini, na hata kigangoni ambako kasula ya kijani ni moja tu, nayo imepauka.

Kwa hiyo tunawaomba wanakamati wa upadrisho wamwulize paroko kabla ya kumwona fundi. Na ninyi mafrateri, waambieni wazazi wenu mapema. Si rahisi kumkatalia mama zawadi ikiwa imekwisha kudariziwa.